Vidonge vya chuma visivyokushinda

Mtu akiacha vidonge vya kuongeza damu, mara nyingi si kwa sababu amepona. Ameviacha kwa sababu tumbo lilijaa gesi, choo kikawa kigumu, kichefuchefu kikamfuata asubuhi nzima. Akipimwa tena, wekundu wa damu uko palepale, naye anaandikiwa dozi kubwa zaidi ya dawa ileile iliyomshinda. Sisi tuliokaa na upungufu huu wa chuma kwa miaka, na kuwasindikiza wengine wenye nao, tumelishika jambo moja: kidonge kinachotibu ni kile unachoweza kukimeza kwa miezi. Kingi kisichovumilika kinaishia kwenye droo.

Kabla ya kumeza chochote, pima. Uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, nywele kunyonyoka, kucha kuwa laini na kubonyea katikati, miguu kukosa utulivu usiku, hamu isiyoelezeka ya kutafuna barafu au kula udongo: zote ni dalili za upungufu wa chuma, lakini nyingi kati yake zina sababu nyingine pia. Kipimo cha kwanza ni himoglobini, yaani ule wekundu wa damu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume ana upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, na mjamzito chini ya 11, ila katika miezi mitatu ya kati ya ujauzito kikomo hushuka hadi 10.5.

Himoglobini peke yake haikwambii kama tatizo ni chuma. Kipimo kinachosema ni feritini, yaani chuma kilichowekwa akiba. Kwa mtu mzima mwenye afya, feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita maana yake akiba imekwisha, na madaktari wengi huanza kutibu ikiwa chini ya 30. Kuna mtego hapa. Feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe wa ndani, yaani kinga ya mwili ikiwa imewaka, hivyo mtu mwenye homa au ugonjwa wa baridi yabisi anaweza kuonyesha 50 na bado akawa mkavu wa chuma. Kwa watu wazima wa namna hiyo kikomo hupandishwa hadi 70. Usipime feritini ukiwa na mafua makali, kisha ukafurahia namba.

Na chembe nyekundu ndogo kwenye picha kamili ya damu si ushahidi wa kutosha. Mwenye vinasaba vya thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, naye ana chembe ndogo, na vidonge vya chuma havitambadilishia kitu. Tumewaona watu waliomeza chuma miaka na miaka kwa sababu ya chembe ndogo, bila hata siku moja kupimwa feritini.

Sasa chukua boksi la dawa na ulisome. Namba kubwa iliyoandikwa mbele kwa kawaida ni uzito wa chumvi yote, yaani chuma pamoja na kile kilichoungana nacho, si wa chuma peke yake. Kidonge cha ferasi salfeti kavu cha miligramu 200 kina chuma halisi kiasi cha miligramu 65. Ferasi fumareti ya 200 nayo inatoa karibu 65. Ferasi glukoneti ya 300 inatoa 35 tu. Kwa hiyo mtu anayesema glukoneti ni laini kwa tumbo anasema kweli, lakini sehemu kubwa ya ulaini huo ni kwamba anameza karibu nusu ya chuma. Hilo si kosa. Linaweza kuwa ndilo analohitaji, mradi ajue anachofanya. Bisglisineti, ambayo chuma chake kimefungwa na asidi amino, mara nyingi huandikwa kwa chuma halisi moja kwa moja, na wengi walioshindwa na salfeti huivumilia. Chuma cha polimaltosi nacho ni kipole kwa tumbo na humezwa pamoja na chakula, lakini kwa uzoefu wetu damu hupanda nacho taratibu, kwa hiyo usikihukumu mapema.

Kuna aina moja tunayowashauri watu waikwepe: vidonge vilivyopakwa gamba la kupita tumbo, au vile vinavyoachia dawa polepole siku nzima. Vinauzwa kwa jina zuri la kutosumbua tumbo, na kweli havisumbui. Sababu ni kwamba chuma hufyonzwa mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, na kidonge cha aina hii kinaweza kuachia chuma chake kikiwa kimeshapita hapo. Tumbo limetulia kwa sababu hakuna kilichotokea.

Tupige hesabu, maana ndiyo inayomfanya mtu avumilie miezi. Mwanamke wa kilo 60 ana damu lita 4 hivi. Himoglobini yake ikiwa 8 na tunataka ifike 13, anapungukiwa gramu 5 kwa kila desilita, yaani gramu 200 za himoglobini mwilini mwote. Kila gramu hubeba chuma miligramu 3.4, kwa hiyo anahitaji miligramu 680. Ongeza 500 za kujaza akiba. Jumla ni karibu 1,200. Kidonge cha 65 kikimezwa vizuri na mtu aliyepungukiwa, tuseme kinaingiza miligramu 10. Hiyo ni siku 120, bila kuruka hata moja, na bila damu kupotea popote. Akiwa na hedhi nzito ya mililita 80 kwa mwezi, hata kwa damu yake hafifu anapoteza karibu miligramu 22 kila mzunguko. Ndiyo maana hatumwamini mtu anayeuza dawa ya kurudisha damu kwa wiki moja.

Kwa nini basi tusimeze vidonge vitatu kwa siku tumalize haraka? Miaka mingi dawa hii iliandikwa hivyo, na ndivyo watu wengi walivyoumizwa matumbo. Ini hutengeneza homoni iitwayo hepsidini, ambayo ni kama bawabu wa chuma: ikipanda, mlango wa kutoka utumbo kuingia kwenye damu unafungwa. Dozi ya miligramu 60 au zaidi huipandisha, na hubaki juu kwa muda wa saa 24 hivi. Kidonge cha jioni kinakuta mlango umefungwa na cha asubuhi. Watafiti wa Uswisi walilipima hili kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma, katika kazi zilizochapishwa mwaka 2015 na 2017. Waliona kuwa kugawa dozi mara mbili kwa siku hakuleti faida, na kwamba kumeza siku moja na kuruka moja kunaongeza sehemu inayofyonzwa katika kila kidonge. Chuma kisichofyonzwa ndicho kinachobaki utumboni na kuleta shida zote.

Kwa hiyo tunaanzia hapa: kidonge kimoja, mara moja kwa siku, asubuhi. Tumbo likikataa, kidonge kimoja siku moja na kuruka moja. Kwa upungufu mkubwa, ambapo kila wiki ina thamani, kila siku ni bora kama unaiweza. Kwa upungufu mdogo, kuruka siku hakukuchelewishi sana na kunakuachia tumbo lako. Shida ya kuruka siku ni kusahau ipi ni ipi, na mtu hujikuta amepitisha siku tatu. Waliofanikiwa zaidi ni wale wanaojipangia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, basi. Wiki nzima inajulikana, na Jumapili hakuna hesabu.

Saa nayo ina uzito wake. Asubuhi hepsidini iko chini kuliko mchana. Meza tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji. Adui mkubwa ni kikombe cha chai au kahawa kinachoandamana na kidonge. Kahawa ikinywewa pamoja na chuma hupunguza ufyonzaji kwa zaidi ya nusu, na chai iko kundi hilohilo. Maziwa, vidonge vya kalisi na dawa za kutuliza asidi vinazuia pia. Ukimeza unapoamka, ukaoga, ukavaa, ukajiandaa, saa moja imepita na chai yako iko halali. Wengi waliotuambia kuwa chuma hakiwasaidii walikuwa wanakishushia kwa chai ya maziwa.

Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa, na ukipenda kumeza kidonge kwa maji ya machungwa, fanya hivyo. Lakini usilazimike kununua chupa ya pili. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kuwa kuongeza vidonge vya vitamini C juu ya vidonge vya chuma hakukubadilisha kupanda kwa himoglobini kwa kiasi cha maana. Na kwa baadhi ya watu asidi hiyo ndiyo inayowachoma tumbo, nao wanakilaumu chuma.

Kichefuchefu na maumivu ya chembe ya moyo huja ndani ya saa moja au mbili za kumeza, na hutegemea dozi. Njia ya kwanza ni kupunguza dozi au kuruka siku. Ya pili ni kuhamisha kidonge kwenda jioni, pamoja na tonge dogo la chakula kisicho na maziwa. Ufyonzaji utashuka, hilo tunalikubali, lakini chuma kilichoingia kidogo ni bora kuliko kilichotapikwa. Ya tatu ni kubadili aina. Ya nne, ambayo watu huisahau, ni dawa ya maji: kwa dawa ya maji unaweza kuanza na miligramu 15 za chuma, ukakaa wiki moja, ukapanda taratibu hadi tumbo liseme basi. Inywe kwa mrija na usukutue mdomo baadaye, kwa sababu hupaka meno weusi. Usibadilishe mambo mawili kwa pamoja, maana hutajua kipi kimekusaidia. Lipe kila badiliko wiki moja.

Kidonge kigumu cha chuma kikikwama kooni kinaunguza kweli, hata kuacha kidonda. Kimeze ukiwa umekaa au umesimama, kwa maji ya kutosha, na usilale kwa nusu saa. Ukikimeza usiku, kimeze mapema kabla ya kwenda kitandani.

Choo kigumu ndicho kinachowakimbiza wengi. Usingoje kikuzidi. Ongeza maji na vyakula vyenye nyuzinyuzi tangu siku ya kwanza, na kama historia yako ni ya kufunga choo, muulize mfamasia kuhusu laktulosi, dawa ya kulainisha choo, kabla hujaanza. Wengine hupata kinyume chake, wanaharisha, na hao mara nyingi hutulia wakipunguziwa dozi.

Choo kitabadilika rangi, na hapa inabidi uangalie kwa macho yako. Choo cha chuma ni cheusi chenye ukijani, kimeshikana kama kawaida, hakina harufu ya ajabu. Choo chenye damu iliyotoka tumboni ni cheusi cha kung'aa, laini, kinanata kama lami, na kinanuka vibaya mno kwa namna ambayo huwezi kuipuuza. Ukikiona cha pili, hasa kama unatumia aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usijiambie ni vidonge.

Chuma hugombana na dawa nyingine, na ugomvi huo huumiza upande wa pili: dawa yako nyingine ndiyo inayoshindwa kufanya kazi. Levothairoksini ya tezi ya shingo itenganishe na chuma kwa saa 4. Doksisaiklini na siprofloksasini hunaswa na chuma tumboni, kwa hiyo ziachie nafasi ya saa kadhaa, au simamisha chuma hadi umalize antibayotiki kama tabibu anakubali. Anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, aimeze saa 2 kabla ya chuma au saa 6 baada yake, au ameze vyote viwili pamoja na chakula. Levodopa ya ugonjwa wa Parkinson na dawa za mifupa za kundi la alendroneti nazo zimo. Omeprazoli haigombani moja kwa moja, ila kwa kupunguza asidi ya tumbo hupunguza chuma kinachoingia. Mwonyeshe mfamasia orodha yako yote, pamoja na vile vidonge vya vitamini ambavyo watu hawavihesabu kuwa dawa.

Mjamzito asijipunguzie dozi kimya kimya kwa kusoma haya. Kinga inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 30 hadi 60 za chuma halisi kila siku pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Akigundulika na upungufu wa damu, dozi hupandishwa hadi 120 mpaka himoglobini irudi sawa. Kama tumbo linakataa, aseme kliniki mapema, kwa sababu muda wake una mwisho unaojulikana.

Kwa watoto dozi hupigwa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 3 za chuma halisi kwa kila kilo, mara moja kwa siku, na chupa zinatofautiana sana: matone ni mazito kuliko sharubati. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha jikoni. Na vidonge vyako wewe mtu mzima vifungie. Kwa mtoto mdogo chuma ni sumu. Miligramu 40 kwa kilo zinaweza kumdhuru vibaya na zaidi ya 60 zinaweza kumuua, yaani mtoto wa kilo 10 anaingia hatarini kwa vidonge sita tu vya 65. Vingi vina rangi na ladha ya juu kama peremende. Mtoto hutapika, kisha anaweza kuonekana ametulia kwa saa kadhaa huku ini likiharibika. Utulivu huo usikudanganye. Makaa ya dawa hayanasi chuma, hivyo usipoteze muda nyumbani, mpeleke hospitali na boksi mkononi.

Turudi kwa mtu mzima aliyeanza vizuri. Pima himoglobini baada ya wiki mbili hadi nne. Kupanda kwa gramu 1 ndani ya wiki mbili za kumeza kila siku ni dalili njema, na karibu gramu 2 ndani ya mwezi ndiyo tunayoitazamia. Anayeruka siku atakwenda taratibu kidogo. Nguvu hurudi kabla ya namba, na hapo ndipo watu wengi huteleza. Mtu anapanda ngazi bila kuhema, anasema nimepona, anaacha. Himoglobini ikifika kiwango chake, akiba bado ni tupu. Endelea miezi mitatu zaidi.

Namba isipopanda, jiulize kwa mpangilio huu, na ujiulize kwa ukweli. Je, vidonge vilimezwa, au nusu vimebaki? Vilimezwa na nini? Damu inaendelea kutoka? Utumbo unafyonza? Bakteria Helicobacter pylori, ugonjwa wa siliaki (utumbo kuumizwa na ngano), tumbo lililokatwa kwa upasuaji, vyote huzuia chuma kuingia hata ukimeza kwa adabu zote. Uvimbe wa ndani wa muda mrefu huweka hepsidini juu kila siku, na hapo kidonge hakina njia. Mwisho, jiulize kama ni upungufu wa chuma kweli.

Swali la damu inakotoka lisisubiri dawa ishindwe. Liulize siku ya kwanza. Mwanamke anayebadilisha pedi kila saa moja au mbili, anayetoa mabonge makubwa, au anayepita siku 7, anahitaji hedhi yake itibiwe, iwe kwa asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, au kwa kitanzi chenye homoni. Vinginevyo anajaza mtungi unaovuja. Minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya na hutibiwa kwa albendazoli ya miligramu 400. Kichocho nacho kimo. Mwanamume wa umri wowote, na mwanamke aliyekoma hedhi, wakipungukiwa chuma bila sababu ya wazi wanapaswa kuangaliwa tumbo la chakula na utumbo mpana kwa kamera, kwa sababu saratani ya utumbo mara nyingi hujitangaza kwa njia hii tu, miezi mingi kabla ya maumivu. Vidonge vikipandisha damu yake, uchunguzi bado unahitajika.

Kama umejaribu aina mbili kwa uaminifu, umeruka siku, umepunguza dozi, na bado tumbo linakataa au damu haipandi, omba kuzungumza kuhusu chuma cha dripu. Hilo linawahusu pia wenye uvimbe mkali wa utumbo, waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na wajawazito waliokaribia kujifungua damu ikiwa ndogo. Kinatolewa mahali penye uangalizi kwa sababu mara chache huleta mzio mkali. Lakini mwenye hemokromatosi, ugonjwa wa kurithi wa mwili kujaza chuma, au anayeongezewa damu mara kwa mara, asiguse chuma cha aina yoyote bila daktari wake. Kwake tatizo ni kingi, si kidogo.

Na ukimaliza dozi yako, boksi likiwa tupu na feritini imepanda, panga kipimo kingine baada ya miezi mitatu. Kikishuka tena, huenda damu inatoka mahali, na safari hii kitafute kwanza kisababishi kabla ya kununua boksi jipya.